Chuma Kilichokuwa Safi Mno

Mashine ya getini haikumtambua Bi Msasa. Wafanyakazi wengine walibonyeza kidole kwenye kioo kidogo, taa ya kijani ikawaka, mlango ukafunguka. Yeye alibonyeza kidole gumba, akabonyeza cha shahada, akajaribu vyote kumi mbele ya askari wa zamu, na mashine ikakaa kimya kana kwamba hakuna mtu aliyesimama pale. Miaka ishirini na mitatu ya kusugua chuma juu ya msasa ilikuwa imemfuta alama za vidole. Askari akatoa daftari la zamani na kumwandika kwa kalamu, na tangu siku hiyo, katika kiwanda cha watu mia sita, yeye peke yake ndiye aliyeingia kwa kuandikwa. Alimwambia askari kwamba wezi wakitafuta vidole vya kuazima awaelekeze kwake.

Naandika habari zake kwa sababu najua hakuna mwingine atakayeziandika. Historia za viwanda huandikwa kwa ajili ya waliokata utepe. Aliyekaa na kipande cha chuma mkononi na kusema "hapana" hana picha ukutani, kwa kuwa alichokizuia hakikutokea, na kisichotokea hakipigwi picha. Hilo linanikera, na sitaki kukereka peke yangu.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo, chenye karai moja la maji, meza ya mbao iliyoliwa na asidi, na dirisha lililotazama uwanja wa vyuma chakavu. Kila tanuru lilipomimina, kipande kidogo, ukubwa wa kiberiti, kililetwa kwake. Alikisugua kwenye karatasi tano za msasa, kuanzia ile inayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe mpaka ile laini kama shavu la mtoto. Kila alipobadili karatasi alikigeuza kipande robo, ili mikwaruzo mipya iikate ya zamani, wala hakuhama mpaka mkwaruzo wa mwisho wa nyuma uwe umekufa. Kisha kitambaa chenye unga mweupe uliolowa. Mwishowe chuma kilikuwa kioo, na ungeweza kunyolea ndevu humo. Ndipo alipokiweka chini ya hadubini na kuhesabu madoa. Madoa hayo ni takataka zilizobaki ndani ya chuma, na hesabu yake ndiyo pekee ambayo fomu ilitaka: idadi ya madoa, sahihi ya injinia, basi.

Yeye hakuishia hapo. Akimaliza kuhesabu, alidondoshea kipande tone la asidi iliyochanganywa na spiriti, akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na mbili, akakisuuza. Asidi hula mipaka. Chuma kilichoonekana kitu kimoja hujifunua kuwa ni punje nyingi zilizobanana, kama mahindi kwenye gunzi. Fomu haikuuliza habari za punje, zilipimwa mara moja tu kwa mwezi. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alisema hawezi kumsugua mtu uso saa nzima halafu asimtazame.

Mimi nilikuwa injinia wa maabara hiyo, nimetoka chuoni mwaka uleule, na sahihi iliyotakiwa kwenye fomu ilikuwa yangu. Nalisema mapema, msomaji asije akadhani nilikuwa upande wa haki tangu mwanzo.

Mumewe Bi Msasa alikuwa mtu wa tanuru. Alikufa kwa kifua wakati mtoto wao wa tatu ana miaka sita. Mdogo wa marehemu, aliyefanya kazi kwenye tanuru hilohilo, hakutoa hotuba msibani. Alikuja wiki iliyofuata na viatu vya shule jozi tatu, na hakuacha kuja. Watoto wale walisoma kwa jasho lake. Mkubwa sasa ni muuguzi, na anapomtaja hasemi baba mdogo, husema baba.

Kiwandani shemeji huyo walimwita Chujio, kwa kuwa hakuweza kunywa chai bila kuchungulia chini ya kikombe. Alikuwa hivyo pia kwa chuma. Kwake uchafu ulikuwa adui, na adui hapewi nafasi. Alipofanywa mkuu wa tanuru, wakati kiwanda kimepata kazi kubwa kuliko zote, aliona siku yake imefika.

Kazi yenyewe ilikuwa mabamba ya daraja la reli, litakalovuka korongo huko milimani, ambako asubuhi za baridi maji ya ndoo huganda juu. Kilichotakiwa ni chuma chenye kaboni kidogo, kile kinachokubali kuchomelewa bila kununa. Sasa, mafundi wa tanuru letu walikuwa na desturi. Chuma kikishaingia kwenye ndoo kubwa ya kumiminia, walitupia vipande vya metali iitwayo titani, wakangoja dakika tano, wakamimina. Kwa nini tano, hakuna aliyejua. Waliikuta hivyo. Chujio akasema dakika tano ni za watu wenye haraka ya kwenda kula. Akaagiza titani itupwe mapema, gesi ipulizwe kutoka chini, na wangoje dakika ishirini na tano, ili kila takataka ipande juu ielee, iondolewe kama povu la maharage.

Na takataka zilipanda kweli. Bi Msasa alizoea kuona madoa madogomadogo zaidi ya mia katika kila duara la hadubini. Sasa akawa anaona manne, mara nyingine matatu. Mkaguzi wa mnunuzi hakuamini macho yake. Meneja alisema katika mkutano kwamba hajawahi kuona chuma safi kama kile, na kwamba Jumatatu ya mwisho wa mwezi Chujio atapewa barua ya kuwa msimamizi wa uzalishaji wote. Mimi nilisaini fomu zile kwa furaha, moja baada ya nyingine.

Jumatano ya wiki iliyotangulia Jumatatu hiyo, fundi wa kuchomelea alitupa kwenye pipa kipande cha majaribio, mabamba mawili aliyoyaunganisha ili kupima waya mpya. Bi Msasa alikiokota. Alikikata, akakisugua, akakipa asidi, akakaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaniita, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Nilichoona kando ya mshono ni punje nene, kubwa kama ng'ombe waliolala, na kutoka kwenye mipaka yao mapanga meupe marefu yakikimbia upande hadi upande bila kizuizi. Akaniwekea kipande kingine, cha mwaka wa nyuma, kilichochomelewa na fundi huyohuyo. Humo punje kubwa zilikuwa zimejaa ndani sindano fupifupi zilizopishana kila upande, kama jamvi lililosukwa na mtu mwenye hasira. Akaniambia nitazame katikati ya sindano zile. Mahali zilipoanzia palikuwa na kidoa, kidogo kiasi kwamba ningekipita.

"Kila kidoa kina watoto wake," alisema. "Nimewaona miaka mingi. Sasa vidoa hakuna, na watoto hawajazaliwa."

Nikakumbuka kwamba chuoni tulifundishwa jambo hilo, nusu saa, mchana wenye joto. Chuma kikipoa kutoka kwenye wekundu, punje mpya hutafuta pa kuanzia. Zisipopata chembe za kushikilia ndani, huanzia mipakani na kurefuka zinavyotaka. Bamba lenyewe halina shida, mashine zimelikanda mpaka punje zake zikawa ndogo kwa nguvu. Ila moto wa kuchomelea hufuta kazi hiyo yote kando ya mshono, na chuma huanza upya kama kimezaliwa jana. Hapo ndipo zile chembe zinatakiwa, zile ambazo Chujio alizichuja. Mimi nililijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama, nikalisahau. Yeye hakuwahi kufundishwa na alilijua.

Hata hivyo nilimjibu kijinga. Nilisema mabamba yamepita, fomu imesainiwa, na fomu haina nafasi ya kuandika habari za punje.

"Fomu haitapita juu ya daraja, mwanangu," alisema.

Alhamisi, saa ya mapumziko, alivuka uwanja kwenda kwenye tanuru, nami nyuma yake. Watu wa tanuru walikuwa kwenye benchi na vikombe vyao. Alimweleza shemeji yake mbele yao, kwa upole, kwamba chuma cha mwezi huu kimepungukiwa chembe.

"Shemeji," Chujio akasema, "miaka yote umeniandikia chuma changu kichafu. Leo kimetakata, unakuja kuniambia kimetakata mno?"

"Ametafuta uchafu akaukosa, sasa analia njaa," mmoja akadakia, na benchi zima likacheka. Bi Msasa naye alicheka kidogo, maana utani ulikuwa mzuri.

"Kuna uchafu na uchafu," akasema. "Mchanga kwenye wali ni uchafu. Chumvi je?"

"Chumvi nayo ikizidi?"

"Ndiyo maana nahesabu."

Akawaambia wafikirie ukumbi mtupu. Watu wakiingia bila kukuta pa kukaa, wote huegemea ukuta na kunyoosha miguu, katikati panabaki njia nyeupe. Mwizi akiingia hukimbia moja kwa moja akatokea upande wa pili. Lakini weka vigoda vidogo mia kila mahali: watu watakaa, magoti yatagongana, miguu itapishana, na mwizi hatapiga hatua mbili. Ufa ni mwizi, alisema. Chembe ni vigoda.

Chujio hakukasirika. Alimuuliza fomu inasemaje, akajibiwa kwamba inasema kimepita. "Basi, shemeji," alisema, akarudi kwenye tanuru lake, na mimi nikaona kwamba ameridhika kwa sahihi yangu.

Ijumaa tuliingia chumba cha nyundo, pale panapovunjwa vyuma. Nyundo hupandishwa juu, huachiwa, huvunja kipande na kupanda upande wa pili. Ikipanda sana, chuma hakikupigana. Mkaguzi alitaka vipande vya bamba tu, na hivyo vilikuwa vimepita. Sisi tulikata kwenye mshono. Bi Msasa alivipoza vipande kwenye barafu na spiriti, akavishika kwa koleo kama mkunga. Cha mwaka wa nyuma kilipinda, kikachanika kwa shida, uso wake wa kijivu wenye nyuzi kama mti mbichi. Cha mwezi huu kilikatika kama biskuti, nyundo ikapita kama haikukutana na kitu. Uso wake ulimeremeta, kama sukari ya chenga. Tulivunja vitatu, na vyote vilikuwa hivyo.

Alichukua fomu ya mwezi, na chini ya sahihi yangu akaandika kwa mkono wake: Chuma hiki kisichomelewe. Mabamba 42. Kisha hakuipeleka kwa meneja. Aliikunja akaiweka kwenye pochi, akafunga vipande viwili vilivyovunjika kwenye kitambaa, akaenda nyumbani. Nilidhani ameogopa. Sikumjua.

Yaliyotokea Jumapili alinisimulia mwenyewe baadaye, na Chujio alinithibitishia. Shemeji alikuja mchana kama kawaida yake. Alikuwa amenyoa vizuri, akasema suti ya Jumatatu ameshaichukua kwa fundi. Bi Msasa aliwatuma watoto kwa jirani, akafungua kitambaa juu ya meza.

Mtu wa tanuru hahitaji hadubini kwa jambo hilo. Wazee wao walikuwa wakivunja chuma na kukisoma uso kabla hatujawa na mashine yoyote. Chujio alichukua kile kinachomeremeta, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha mezani. Akauliza ni mangapi. Akaambiwa ni yote ya mwezi huu.

"Nilitaka kiwe safi," alisema.

"Kilikuwa safi."

Akauliza fomu iko wapi, akaonyeshwa pochi. Hapo akaomba. Hakuomba fomu ichanwe, hilo alitaka nilielewe vizuri aliponisimulia. Aliomba siku moja. Apokee barua yake Jumatatu, mbele ya watu, mbele ya mama yake mzazi ambaye angeletwa kutoka mbali, na Jumanne fomu ipelekwe, naye atakuwa wa kwanza kusema chuma kirudishwe. Bi Msasa alimwambia malori yanapakia Jumatatu asubuhi. Akasema malori huitwa yakarudi. Bi Msasa akasema yeye amekaa kiwanda hicho miaka ishirini na mitatu na hajaona lori lililoitwa likarudi.

Ndipo Chujio aliposema neno ambalo hakuwa amelisema hata siku moja.

"Watoto wa kaka yangu nimewalea mimi."

"Najua, shemeji," alijibu. "Ningekuwa sijui, ningeipeleka Ijumaa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Siku mbili zile zilikuwa kila alichokuwa nacho cha kumlipa, na alimlipa zote: amwambie kwanza, uso kwa uso, ndani ya nyumba, kabla ya mtu mwingine yeyote. Zaidi ya hapo ingekuwa ni kulipa kwa maisha ya watu watakaopanda treni. Viongozi wetu wenye shahada ukutani wangejifunza hesabu hiyo kwa mwanamke ambaye mashine haimtambui, nchi zetu zingekuwa nyingine.

Chujio aliondoka bila kuaga.

Jumatatu saa mbili kasorobo Bi Msasa alikuwa mlangoni kwa meneja, nami nyuma yake. Meneja alisoma fomu akiwa amesimama. Aliuliza tangu lini msugua vyuma anaandika chini ya sahihi ya injinia. Akanigeukia, akauliza kama hiyo sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu na nimekosea kuiweka. Akasema tumekula njama ya kumharibia mtu siku yake, na kwamba mabamba yamepita vipimo vyote vilivyoandikwa kwenye mkataba. Hilo lilikuwa kweli. Nje, winchi ya kupakia malori ilikuwa imeanza kulia.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Chujio alikuwa amevaa ovaroli na viatu vya tanuru. Suti ilikuwa imebaki nyumbani.

"Dakika ishirini na tano ni agizo langu," alimwambia meneja. "Hawa wawili hawahusiki. Simamisha malori, kiyeyushwe chote."

Meneja akamuuliza kama anajua anachokisema. Akasema anajua kuliko mtu yeyote mle ndani, maana chuma ni chake. Hakumtazama shemeji yake, wala wakati wa kutoka hakumtazama.

Malori yalisimamishwa. Kila bamba lilipaswa kuandikwa alama kwa chaki ya mafuta, lisije likachanganywa na mengine, na kwa kuwa fomu ilikuwa ya Bi Msasa, kazi ilikuwa yake. Alianza. Bamba la kwanza, la pili, la tatu. Kufika la tano alama zake zilikuwa hazisomeki tena, na watu wa tanuru, walewale wa benchi, wamesimama mbali wakitazama, hakuna anayecheka. Chujio akaja akachukua chaki mkononi mwake.

"Wewe soma namba," alisema.

Akawa anasoma namba, naye anaandika alama juu ya chuma alichokipenda kuliko vyote alivyowahi kumimina, mpaka la arobaini na mbili. Mama yake, aliyekuwa amefika kwa ajili ya sherehe, alikuwa ameketi kwenye kiti cha askari getini akisubiri kuitwa.

Chujio hakupewa barua. Walimpeleka uwanja wa vyuma chakavu, kupanga mabati na injini mbovu, mtu wa miaka ishirini na sita kwenye moto. Niliandika kumtetea mara tatu, nikaambiwa injinia kijana ajifunze kwanza kusaini. Tanuru likarudi kwenye dakika tano, safari hii zikaandikwa ukutani pamoja na sababu yake. Hiyo niliiandika mimi, kwa maneno ya Bi Msasa, ila vigoda waliniambia niviondoe. Mabamba mapya yalichomelewa na kuvunjwa kwenye barafu, yakachanika kama mti mbichi. Daraja limejengwa, na treni hupita.

Kila mchana, kupitia dirisha la maabara, Bi Msasa alimwona shemeji yake akiinama na kuinuka kati ya vyuma chakavu. Alimsalimu kila siku akipita. Chujio aliitikia salamu, hakuongeza neno. Jumapili hakuja. Aliwaona watoto mahali pengine, ada akazipeleka shuleni mwenyewe. Miezi mitatu ilipita hivyo, na katika miezi hiyo sikumsikia Bi Msasa akitania hata askari wa getini.

Jumatatu moja alifika kazini akiwa ameandikwa kwenye daftari kama siku zote, akavaa aproni, akachukua kipande cha kwanza. Alisema, bila mimi kuuliza, kwamba jana shemeji alikuja. Nikamuuliza kama wamezungumza.

"Hapana," alisema. "Alikula."